Kanisa na Gereza
Mazungumzo ya ibada ya asubuhi, kama yalivyosomwa redioni

Twazungumza nanyi kutoka hapa Waa, katika nchi ya Kwale, kusini mwa kivuko cha Likoni. Wengine wenu mko jikoni mnangoja chai ichemke, wengine mko njiani kwenda shamba, na wengine mwateremka pwani kutazama madema. Twaomba dakika chache tu tuzungumze juu ya neno moja. Ni neno ambalo sote twalijua, na labda kwa kuwa twalijua mno, hatujapata kuliuliza limetoka wapi.

Jambo lenyewe lilianza hivi. Siku moja tuliwachukua watoto wa shule ya Jumapili kwenda Mombasa kuitazama ile ngome kubwa iitwayo Fort Jesus. Tulivuka kivuko mapema, tukaenda kwa miguu mpaka Mji wa Kale. Tulipopotea kidogo vichochoroni tulimwuliza njia mzee mmoja aliyekuwa ameketi barazani. Akatujibu, "Mwataka gereza? Fuateni njia hii hii, mtaliona." Watoto wakacheka, maana hawakujua kwamba walikuwa wanapelekwa gerezani.

Tulipoingia ndani waliona mizinga, waliona kuta nene, waliona bahari kupitia matundu ya kupigia risasi. Kisha tukafika uwanjani, mahali ambapo misingi ya kanisa la Wareno ingaliko. Tukawaambia, "Watoto, hapa palikuwa na kanisa." Basi msichana mmoja wa miaka tisa hivi akaitazama misingi ile kwa muda, akatugeukia akasema, "Kasisi, mbona waliweka kanisa ndani ya gereza?"

Ndugu wasikilizaji, hatukuwa na jibu. Tulisema tu, "Twendeni, jua limekuwa kali." Lakini swali la mtoto halikubaki ngomeni. Lilivuka kivuko pamoja nasi, likaja mpaka Waa, na tangu siku ile limekuwa likikaa nasi mezani. Leo twataka kujaribu kulijibu.

Kwanza, habari za ngome yenyewe. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na aliyeichora alikuwa Mwitalia, jina lake Giovanni Battista Cairati. Ndani ya kuta zile waliwekwa kapteni na askari wake, zikawekwa ghala za chakula na baruti, na humo humo wakajenga kanisa lao. Kanisa lilindwe na mizinga! Ndivyo walivyoona. Lakini Waarabu wa Omani walikuja wakaizingira ngome kuanzia mwaka 1696, na mwisho wa mwaka 1698 wakaitwaa. Baadaye sana, Waingereza walipotawala, waliifanya ngome ile kuwa jela, kutoka mwaka 1895 hadi mwaka 1958. Kwa hiyo yule mzee wa barazani hakukosea, wala yule mtoto hakukosea.

Sasa sikilizeni neno lenyewe. Kwa Kireno kanisa huitwa "igreja". Lisemeni polepole: i-gre-ja. Ile j ya Kireno hutamkwa karibu na z yetu. Sasa iacheni ile i ya mwanzo, na lisemeni kama ambavyo angelisema mvuvi wa Mombasa aliyelisikia kwa askari wa Kireno. Mwasikia nini? Gereza.

Ndiyo, wapenzi. Wataalamu wa Kiswahili wanatufundisha kwamba neno letu gereza ni mtoto wa neno igreja, yaani kanisa. Wenyeji waliona jengo la Wareno lenye kuta nene, na kanisa limo ndani yake, na jina la kanisa likawa jina la ngome nzima. Zamani gereza maana yake ilikuwa ngome. Ukifika Kilwa Kisiwani leo, magofu ya ngome ya huko bado huitwa Gereza. Na pale Unguja, ile Ngome Kongwe iliyo mbele ya Forodhani ilijengwa na Waomani mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Kisha, kwa kuwa ngome zilitumiwa kuwafungia watu, maana ikageuka tena. Ngome ikawa jela. Leo twasema mkuu wa gereza, askari wa magereza, mfungwa wa gereza, na hakuna hata mmoja wetu anayekumbuka kwamba neno hili lilianza safari yake katika nyumba ya Mungu.

Lakini igreja nalo lina wazazi wake. Turudi nyuma zaidi, mpaka kwa Wayunani wa kale. Katika miji yao, kama vile Athens, kulikuwa na mkutano wa raia wa kuamua mambo ya mji. Watu waliitwa watoke majumbani na kazini mwao, wakakusanyika mahali pa wazi. Pale Athens ilikuwa kilima kiitwacho Pnyx. Mkutano huo uliitwa "ekklesia". Ndani ya neno hili mna maneno mawili: kutoka, na kuita. Ekklesia ni watu walioitwa watoke, wakaja pamoja.

Angalieni vizuri: neno hili halikuwa na ukuta hata mmoja ndani yake. Wala halikuwa neno la dini. Mtakatifu Luka, katika sura ya 19 ya Matendo ya Mitume, anasimulia jinsi watu wa Efeso walivyofanya ghasia kwa ajili ya Demetrio mfua fedha, wakajaa katika uwanja wa michezo wakipiga kelele muda wa saa mbili, na wengi wao hawakujua hata wamekujia nini. Mwishowe karani wa mji akawatuliza na kuwaaga. Mkutano ule wa kelele, Luka aliuita kwa neno lile lile: ekklesia. Na Wayahudi walipoyatafsiri Maandiko yao kwa Kiyunani, walilitumia neno hilo kwa mkutano wa wana wa Israeli uliokusanyika mbele za Mungu. Mitume walipotaka jina la kuwaita watu wa Yesu, hawakuchukua jina la hekalu, wala jina la jumba. Walichukua jina la watu walioitwa.

Hata hivyo kulikuwa na tofauti moja kubwa. Katika ekklesia ya Athens, mwanamke hakuitwa. Mtumwa hakuitwa. Mgeni hakuitwa. Katika ekklesia ya Kristo waliitwa wote watatu, nao wakaketi.

Kutoka kwa Wayunani neno likaingia Kilatini, nalo likazaa watoto wengi katika Ulaya. Wafaransa husema "église", Wahispania "iglesia", Wareno "igreja", Waitalia "chiesa", na hata watu wa Wales husema "eglwys". Jamaa wake wengine wamefika kwetu Afrika: jirani zetu wa Rwanda humwita Kiliziya. Ukiyasikia majina haya utadhani ni watu wasiojuana, kumbe wote ni wajukuu wa bibi mmoja.

Kuna jamaa ya pili huko Ulaya, hasa upande wa kaskazini. Hawa hawakulichukua neno ekklesia, bali neno jingine la Kiyunani, "kyriakon", yaani kitu kilicho cha Bwana, nyumba ya Bwana. Wajerumani husema "Kirche", Waholanzi "kerk", Waswidi "kyrka", Waskoti "kirk", na Waingereza "church". Warusi nao wana "tserkov". Jamaa ya kwanza ilikumbuka watu walioitwa. Jamaa ya pili ilikumbuka ni nani mwenye nyumba. Yote mawili ni mema. Lakini kadiri miaka ilivyopita, jamaa zote mbili zilipatwa na jambo moja: watu walipolisikia neno lile waliona mawe na mnara, hawakuona tena ndugu zao.

Tena msidhani kwamba hili ni jambo dogo la walimu wa chuo. Mwaka 1522 Martin Luther alipotoa Agano Jipya kwa Kijerumani, hakupenda kuandika "Kirche" mahali pa ekklesia; alitumia neno lenye maana ya jumuiya ya watu. Mwaka 1526 Mwingereza William Tyndale akafanya vivyo hivyo kwa Kiingereza: aliandika neno la kusanyiko. Wakubwa wa siku zile walikasirika sana. Thomas More, mtu mwenye elimu nyingi, aliandika kitabu kumpinga, na neno hilo likiwa mojawapo ya makosa aliyomhesabia. Kwa nini? Kwa sababu kama kanisa ni jengo na wakubwa wake, basi mwenye funguo ndiye mwenye kanisa. Lakini kama kanisa ni watu waliokusanyika, mambo mengi hubadilika. Tyndale alishtakiwa kwa uzushi, na mwaka 1536 alinyongwa na mwili wake ukachomwa moto. Biblia ya Mfalme James ilipotengenezwa, watafsiri waliamriwa walirudishe neno la zamani, nayo ikatoka nalo mwaka 1611.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1844 alifika Mombasa Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misheni cha Waingereza. Miezi michache tu baadaye, mwezi wa Julai mwaka ule ule, mkewe Rosina alikufa, na mtoto wao mchanga naye akafa. Wamezikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Mwaka 1846 mwenzake Johannes Rebmann alimfikia, na wawili hao wakaenda kukaa Rabai. Krapf hakukuta pale Mombasa ushirika wa wenyeji Wakristo wa kumpokea. Ile igreja iliyolindwa na mizinga ilikuwa imekwisha. Kuta zilibaki, watu hawakuwapo. Lakini kule Rabai, ambako hakukuwa na ngome wala mzinga, wakaanza watu wachache, mmoja mmoja, na kusanyiko hilo halijakoma mpaka leo.

Nalo likaitwaje kwa Kiswahili? Halikuitwa igreja, halikuitwa Kirche, halikuitwa church. Liliitwa kanisa. Neno hili halikutoka Ulaya hata kidogo. Tumelipata kwa Kiarabu, na Waarabu walilipata kwa Kiaramu, lugha aliyoisema Bwana Yesu mwenyewe alipokuwa akitembea Galilaya. Maana ya shina lake ni kukusanya. Mpaka leo Bunge la Israeli huitwa Knesset, yaani kusanyiko, na kwa Kiebrania sinagogi huitwa nyumba ya kusanyiko, kwa neno la shina hilo hilo. Waganda nao walilipokea kutoka kwetu wakasema Ekkanisa.

Jirani zetu hapa Waa, ambao wengi wao ni Wadigo Waislamu, wanalo neno lao la maana hiyo hiyo. Siku yao kubwa ni Ijumaa, siku ya kukusanyika, na katika shina hilo hilo tumepata maneno jamaa, jamii na jumuiya. Basi jirani akienda kwake Ijumaa na sisi tukienda kwetu Jumapili, lugha yenyewe inatukumbusha sote kwamba hakuna ibada ya Mungu inayomwacha mwanadamu mwenzako nje.

Kwa hiyo, wapendwa, Kiswahili kimetuwekea maneno mawili kandokando. Moja ni kanisa, watu waliokusanywa. La pili ni gereza, kanisa lililogeuka kuwa mahali pa kufungia watu. Na lile swali la mtoto linatugeukia sisi: je, hilo linaweza kutokea tena? Kanisa laweza kuwa gereza hata pasipo Mreno na pasipo mzinga?

Twajua kwamba laweza, maana tumeliona. Na tuliloliona hatuwezi kumtwika mtu mwingine lawama yake.

Miaka mingi iliyopita, kabla hatujaja Waa, tulikuwa tukitumikia ushirika mmoja mbali na hapa. Alikuwako kijana katika ushirika ule, mwana wa mjane, aliyeiba mali ya watu akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na nusu. Siku ya Jumapili ya kwanza baada ya kufunguliwa alikuja kanisani. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Bila shaka ni mama yake aliyelipiga. Akaketi kwenye benchi la nyuma, karibu na mlango. Watu wawili waliokuwa wameketi benchi lile wakasogea, kisha wakahama. Mama mmoja akauchukua mkoba wake kutoka chini akauweka mapajani.

Sisi tulikuwa mbele, tumevaa kanzu, Kitabu cha Sala mkononi, na yote haya tuliyaona. Tuliendelea na ibada. Tulitangaza amani ya Bwana, watu wakapeana mikono, na hakuna aliyekwenda benchi la nyuma. Hatukwenda sisi pia. Kisha kikapu cha sadaka kikapita. Kijana alikuwa ameshika sarafu yake mkononi tayari. Aliyebeba kikapu alifika mwisho wa benchi lililo mbele yake, akageuka, akarudi. Kikapu hakikufika kwake.

Hakungoja baraka. Tulipotoka mlangoni kuaga watu, tuliikuta ile sarafu juu ya benchi.

Tulikaa wiki nzima kabla ya kwenda kumwona. Twaungama hilo pia. Tulimkuta kwa mjomba wake, Mwislamu, mvuvi, ambaye alikuwa amempa nafasi katika ngalawa yake bila kumwuliza lolote. Kijana alitupokea kwa adabu, akatupa kigoda, akaketi chini kwenye mchanga akiendelea kushona wavu. Tukamwomba radhi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kasisi, kule ndani tulikuwa watu wengi katika chumba kimoja, na siku ya kwanza nilipoingia mtu nisiyemjua alinisogezea nafasi nikalala. Mimi nilidhani gereza nimeliacha kule."

Alitusamehe. Alisema hivyo kwa kinywa chake, na twaamini alisema kweli. Lakini kusamehe ni jambo moja, na kurudi kuketi mahali ulipokataliwa ni jambo jingine. Mpaka tulipohamishwa kutoka ushirika ule, hakurudi. Jumapili ile hatukuhitaji kufuli wala askari. Tulikuwa na macho tu, na mabenchi, na kikapu kilichogeuka njiani. Igreja ikawa gereza mbele yetu, tukiwa tumeshika Kitabu cha Sala.

Tangu siku ile hatuwezi kuusoma waraka wa Mtume Paulo kwa Filemoni bila kuinamisha kichwa. Ni waraka mfupi, sura moja tu. Paulo aliuandika akiwa mfungwa. Aliupeleka kwa Filemoni na kwa kanisa lililokuwa likikutana katika nyumba ya Filemoni. Na waraka mzima wahusu mtu mmoja, Onesimo, mtumwa aliyekuwa amemwacha bwana wake, ambaye sasa alikuwa akirudi. Paulo anamwomba Filemoni ampokee mtu huyo si kama mtumwa tena bali kama ndugu, ampokee kama ambavyo angempokea Paulo mwenyewe. Na kama kuna deni, Paulo atalilipa. Fikirini jambo hili. Mtu aliye gerezani anawaandikia watu walio kanisani, akiwasihi wasimfungie mwingine mlango. Wakati ule Paulo aliyefungwa ndiye aliyejua maana ya ekklesia, na Filemoni aliyekuwa huru ndiye aliyehitaji kufundishwa.

Mungu ametufundisha tena somo hili kwa njia nyingine. Mwezi wa Machi mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia Kenya, nyumba zote za ibada zilifungwa. Tulifunga mlango wa kanisa kwa mkono wetu wenyewe, tukaweka ufunguo mfukoni, tukahisi kama tumezika mtu. Zilipofunguliwa mwezi wa Julai, ilikuwa kwa watu wasiozidi 100, kwa saa moja tu, na wazee waliopita miaka 58 na watoto wasiofika miaka 13 walitakiwa kubaki nyumbani. Wengi waliuliza, "Sasa kanisa limefungwa, tutafanyaje?"

Hapa kwetu palikuwa na mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama. Hakuuliza swali hilo. Alichukua daftari la shule la mjukuu wake, akaandika humo majina ya watu wote wa ushirika, nyumba kwa nyumba. Kila Jumamosi aliwapigia simu wenye simu, na wasio na simu alisimama mbali na mlango wao akapaza sauti, "Hodi! Mko salama? Mmekula?" Aliyekosa unga alitafutiwa. Aliyekuwa mgonjwa aliombewa akiwa dirishani. Tulipoliomba daftari lile tulisome, tuliona haya. Humo mlikuwamo nyumba kumi na moja ambazo sisi tulikuwa tumekwisha kuzisahau: watu walioacha kuja kwa sababu ya ugomvi wa shamba, binti aliyezaa nyumbani akaona aibu, mzee anayekunywa, mtu aliyefungwa akatoka. Tulimwuliza, "Mama, hawa nao?" Akajibu, "Kasisi, si mlisema niandike watu wa kanisa?"

Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na bado kanisa lilikuwako. Lilikuwa katika daftari la mama yule. Na kule kwingine tulikotumikia zamani, mlango ulikuwa wazi kabisa, na kanisa halikuwako.

Basi twaweza kumjibu yule mtoto sasa. Mwanangu, hawakuliweka kanisa ndani ya gereza. Waliliweka ndani ya kuta, ili liwe salama, na kuta zikalishinda. Walitaka kumlinda Kristo kwa mizinga. Mwishowe watu wa pwani waliposikia neno kanisa kwa lugha ya Wareno walikumbuka ngome, na waliofuata wakakumbuka minyororo. Watu hulipa jambo jina kwa jinsi wanavyoliona, wala si kwa jinsi mwenyewe anavyolitangaza. Nasi tunaandika jina letu mlangoni kwa rangi nzuri, lakini jirani atatuita kwa lile aliloliona tukilitenda.

Lakini, wapendwa, Neno la Mungu halituachi hapo. Kama kanisa laweza kugeuka gereza, hata gereza laweza kugeuka kanisa. Kumbukeni Paulo na Sila kule Filipi. Walipigwa, wakatupwa katika chumba cha ndani, miguu yao ikatiwa katika mkatale. Usiku wa manane walikuwa wakiomba na kumwimbia Mungu, na wafungwa wengine wakiwasikiliza. Nchi ikatetemeka, milango ikafunguka, vifungo vikalegea. Paulo hakukimbia. Alimwita mlinzi aliyetaka kujiua, akamzuia. Na usiku ule ule mlinzi aliwaosha mapigo yao, akabatizwa yeye na watu wake wote, akawaandalia chakula nyumbani kwake. Mfungwa na aliyemfunga wakala meza moja. Hapakuwa na mnara pale, wala kengele, wala benchi. Palikuwa na watu walioitwa, na mlango ulio wazi.

Ndugu msikilizaji, kabla hujaenda kazini asubuhi hii, twakuomba ujiulize mambo matatu tu. Katika kusanyiko lako, ni nani anayeketi benchi la nyuma peke yake? Kikapu kinapopita, kinamruka nani? Na jina gani ambalo lingepaswa kuwa katika daftari lako halimo? Ukimkumbuka mtu mmoja, usingoje Jumapili. Usikae wiki nzima kama tulivyokaa sisi. Nenda leo, ukapige hodi.

Na wewe unayetusikiliza ukiwa umefungiwa nje, wewe uliyeona watu wakisogeza mikoba yao, twataka kukuambia kwamba aliyekuita si sisi. Ni Kristo aliyekuita, na wito wake hatukupewa sisi mamlaka ya kuufuta. Ukiweza, njoo tena. Na kama huwezi bado, basi utuvumilie tuje sisi kwako.

Na tuombe.

Ee Bwana uliyetuita kutoka gizani tuje nuruni mwako, utusamehe kwa kila mlango tulioufunga kwa macho yetu. Uwakumbuke leo walio magerezani, na wanaowalinda, na mama zao wanaowangojea nyumbani. Uwape wale wanaofunguliwa mahali pa kuketi miongoni mwetu. Ubomoe kuta tulizozijenga kwa jina lako, utufanye tena kuwa watu wako waliokusanyika, pasipo kumwacha hata mmoja. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Neema ya Bwana ikae nanyi nyote, na Mungu akipenda tutazungumza tena.